Mkopo wa nyumba nilioachiwa: benki nyota 2, bima yake nyota 4

Mkopo wenyewe tuliuchukua Machi 2017. Shilingi milioni 85, miaka 15, riba asilimia 17 kwa mwaka, nyumba ya vyumba vitatu Kibada, Kigamboni. Tulikopa wawili, mimi na mke wangu. Benki siitaji, maana ugomvi wetu tumeshaumaliza nusu, na hiyo nusu nyingine nitaimalizia hapa. Nawapa nyota 2. Bima ya maisha iliyokuja na mkopo naipa 4, na ingepata 5 kama angetokea mtu wa kutufungulia ukurasa wa pili siku tunasaini.

Wengi wanaosifia mikopo ya nyumba husifia riba, miaka ya kulipa, na jinsi afisa alivyowachangamkia. Sisi tulichangamkiwa pia, na soda tulipewa. Mimi naandika juu ya upande ambao sijaona mtu akiuulizia: mmoja wenu anafariki, na rejesho la tarehe 28 linakuja vilevile.

Mimi ni fundi majokofu, nimeajiriwa kwenye kampuni ya samaki, na jioni natengeneza friji za watu. Mke wangu, Mama Salma, alikuwa muuguzi wa hospitali ya serikali. Mshahara wake ulizidi wangu, kwa hiyo kwenye fomu yeye ndiye mkopaji wa kwanza, mimi mkopaji mwenza. Karatasi zote zilikuwa zake. Mimi nipe friji inayovuja gesi, nitakuonyesha inapovujia, lakini taarifa ya mkopo nilikuwa naipokea, naikunja, nampa.

Karani wa sensa alikuja kwetu tarehe 23 Agosti 2022, akakaa kibarazani, akamwandika Mama Salma na umri wake, miaka 44. Jumatano ya tarehe 31 kiharusi kikamchukua akiwa zamu ya usiku. Msiba siuelezi hapa.

Nilikwenda tawini Ijumaa tarehe 9 Septemba. Watu wengine walinong'ona kwamba nimewahi mno. Mwanamume hana eda, nikaona afadhali niende. Nikawaza njiani, kwenye pantoni, kwamba ingekuwa nimekufa mimi, yeye angekaa ndani miezi minne na siku kumi, na benki ingemhesabia marejesho manne akiwa bado na kanga nyeupe.

Tawini nikapewa namba ya foleni, nikakaa, nikaitwa. Binti wa kaunta akasema pole sana baba, akanipeleka kwa afisa mikopo. Siyo yule wa mwaka 2017, yule alishahama. Huyu alikuwa kijana wa tai nyembamba, mpole, na upole wake ndio ulionigharimu. Nikamwambia nimekuja kutoa taarifa ya kifo, na nataka kujua mkopo unakwendaje.

"Pole sana mzee wangu. Barua ya usimamizi wa mirathi unayo?"

Nikamwambia mirathi hatujafungua, marehemu ana siku tisa.

"Basi ukishapata barua ya mahakama, njoo nayo tufungue faili la madai ya bima. Kwa sasa wewe endelea tu na marejesho."

Nikatoka nimeridhika kabisa, hiyo ndiyo aibu yangu. Jioni ile ile akaunti ya mshahara wa marehemu ikafungwa, ndani ina shilingi 412,000, na ndiyo akaunti iliyokuwa inakatwa rejesho. Kufunga akaunti ya marehemu ni utaratibu, hilo silalamikii. Ila mtu angeniambia, "Mzee, kuanzia leo hakuna makato, usipoweka wewe tarehe 28 hela haitaingia." Nililijua baada ya kupigiwa simu tarehe 30.

Hapo ndipo nikaitoa taarifa ya mkopo kwenye faili lake la kijani, nikawasha taa, nikaisoma mstari kwa mstari. Rejesho letu lilikuwa shilingi 1,308,000 kwa mwezi. Tulikuwa tumelipa mara 65. Piga hesabu: milioni 85 na elfu 20. Yaani hela yote tuliyokopa tulishairudisha, na juu yake vocha. Deni lililobaki siku anafariki lilikuwa milioni 74 na elfu 30. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, rejesho la kwanza kabisa: kati ya ile 1,308,000, riba ilichukua 1,204,000, deni likapungua laki 1 na elfu 4. Hakuna wizi hapo, ndivyo mikopo ya muda mrefu inavyohesabiwa, miaka ya mwanzo unalisha riba. Mama Salma alilijua. Kwenye pembeni ya ukurasa ule kuna mwandiko wake wa penseli: "taratibu".

Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, sina neno nacho. Nilikwenda na karatasi ya hospitali na kibali cha mazishi, nikalipa, nikarudi kuchukua. Tarehe 26 Septemba nikapeleka nakala benki, wakagonga muhuri wa kupokea kwenye kopi yangu. Ule muhuri ukaja kuniokoa baadaye, kwa hiyo msione uzito kuomba mgongewe muhuri.

Mirathi ilianza na kikao cha familia, Jumapili ya tarehe 2 Oktoba, Mbagala kwa shemeji yangu mkubwa. Mama mkwe alikuwa ametoka Kilwa Kivinje kwa ajili ya msiba na hakuwa amerudi. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo mafungu yanajulikana: mume robo kwa kuwa marehemu ana watoto, mama mzazi sudusi, yaani moja ya sita, kilichobaki watoto, mvulana mafungu mawili, msichana moja. Kabla ya hapo, gharama za maziko, madeni, na wasia kama upo. Deni kwanza, hakuna mtu aliyebisha. Ubishi ulikuwa kwenye nyumba.

Shemeji alisema: "Kama bima inalipa deni kwa sababu ya kifo cha dada, basi nyumba imelipwa na dada. Yote ni ya marehemu." Akaitazama chai yake. Nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa la maana, na sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye hati. Hati yetu iliandikwa majina mawili, kila mmoja hisa yake, nusu kwa nusu. Ingeandikwa umiliki wa pamoja usio na hisa, ambao Sheria ya Ardhi ya 1999 inawaruhusu mume na mke, nusu yake ingeniangukia mimi moja kwa moja bila kupita kwenye mirathi. Kwa hisa, nusu yake ni mali ya marehemu na inagawiwa, nusu yangu ni yangu. Siku ya kuandikisha hakuna aliyetuuliza tunataka ipi. Pengine angeuliza tungechagua hisa vilevile, maana mama mkwe asingekosa fungu lake. Lakini uulizwe basi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya, anavunja vijiti vya ufagio. Akasema, "Baba Salma, hiyo sudusi yangu waachieni wajukuu. Mimi mniwekee kitanda nikija." Shemeji akanyamaza. Katibu akataka kuandika kwamba mama amesamehe fungu lake, mama akamwambia aandike na kitanda. Kimo kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari umo kwenye jalada la mahakama.

Mashauri ya mirathi ya Dar es Salaam yanasikilizwa kwenye kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, ambako Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Kuu zimewekwa jengo moja. Ingekuwa kituo hiki ndicho ninachokipitia hapa, ningekipa nyota 4. Nilikwenda na muhtasari, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa na majina ya warithi. Tangazo likabandikwa, tukasubiri, tukaitwa, mashemeji wakasimama wakasema hawana pingamizi. Tarehe 24 Novemba nikateuliwa msimamizi. Hakimu alinieleza kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba nina miezi minne kuleta orodha ya mali, fomu namba 5, na hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6, na kwamba usimamizi si umiliki. Nyota inayokosekana ni ya viti. Vichache mno.

Nikairukia benki na barua yangu. Kijana wa tai akafurahi, akaipeleka faili makao makuu, na makao makuu wakaipeleka kampuni ya bima tarehe 5 Desemba. Mimi huku nalipa. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Januari nayo nikalipa, pamoja na ada za shule za watoto watatu, kwa kuuza kompresa mbili na pikipiki.

Jumatano ya tarehe 18 Januari 2023 nikachoka kusubiri simu, nikaenda mwenyewe kwa watu wa bima, mjini. Ofisi ndogo, ghorofa ya tatu, AC inalia kwa sababu feni ya ndani imelegea, nilitamani niikaze. Akanipokea mama mmoja wa makamo, akafungua kabati, akatoa faili letu. Jambo la kwanza alilosema lilinikalisha chini.

"Baba, mbona mmechelewa kuleta?"

Nikamweleza mambo ya mirathi. Akatikisa kichwa. "Kwa mkopo sisi hatudai barua ya mirathi. Anayelipwa hapa ni benki, siyo warithi. Cheti cha kifo, taarifa ya daktari, vitambulisho na salio la mkopo, basi." Nikamwonyesha ile kopi yenye muhuri wa tarehe 26 Septemba. Akaipiga kopi yeye mwenyewe akaiweka kwenye faili. Faili langu lilikuwa limelala tawini zaidi ya miezi miwili likisubiri karatasi ambayo haikuhitajika.

Halafu akafunua fomu ya maombi ya bima ya mwaka 2017, ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye swali la 7: je, unaugua au umewahi kuugua ugonjwa wa moyo, kisukari, shinikizo la damu? Upande wangu: Hapana. Upande wake, kwa ule mwandiko wake wa manesi uliolala: "Ndiyo. Presha, tangu 2014. Amlodipini miligramu 5 kila siku."

Siku ile naikumbuka. Afisa wa zamani, yule wa soda, alimwambia, "Dada, hapo andika hapana tu, mbona unaonekana mzima, utajichelewesha." Mama Salma akamwambia, "Mimi ndiye ninayewaandikia wagonjwa, na mimi nidanganye?" Ikabidi apimwe upya, mkopo ukachelewa wiki tatu, na bima ikaongezwa shilingi 214,000. Niligombana naye njia nzima kutoka Posta hadi feri. Laki mbili kwa ajili ya kidonge kimoja! Nilimwambia anajifanya mkweli kwa hela yangu. Maneno hayo hayo.

Mama wa bima akasema, "Kifo kimetokana na presha. Angeandika hapana, barua ninayokuandikia leo ingekuwa nyingine." Kisha akasema tena, taratibu, kwamba madai mengi anayoyakataa yeye huyakataa kwa sababu ya swali hilo hilo, na kila mara mjane au mgane humwambia kuwa afisa wa benki ndiye aliyesema waandike hapana. Sauti yake haikuwa ya kujivunia.

Nikaomba kopi ya ukurasa ule. Hapo akashusha kidole chini zaidi. Chini ya swali la 12 kuna kijisanduku, na ndani yake: mkopaji wa kwanza asilimia 60, mkopaji mwenza asilimia 40.

Maana yake, bima yetu haikuwa ya kufuta deni lote akifa mmoja. Kila mtu alikatiwa bima ya sehemu ya deni kwa kadiri ya kipato chake. Akifa yeye, inalipwa asilimia 60 ya salio. Ningekufa mimi, angelipiwa 40. Ipo aina nyingine ambayo kila mkopaji hukatiwa bima ya deni zima, akitangulia yeyote deni linaisha. Ada yake ni kubwa zaidi. Pengine tusingeimudu. Lakini miaka mitano na nusu niliishi nikiamini kwamba mmoja wetu akifa nyumba imelipwa, na watu wengine tuliokopa nao pale Kibada wanaamini hivyo hadi leo. Nimewauliza. Jirani yangu mmoja alikwenda kuchungulia ya kwake, akakuta mke wake hayumo kabisa kwenye bima, amekatiwa mume peke yake, ilhali biashara inayolipa mkopo ni ya mke.

Februari sikuweza kulipa. Machi pia. Tarehe 3 Machi simu ya Mama Salma ikalia meseji. Simu yake nilikuwa naiacha kwenye chaji kwa sababu ya ndugu wanaochelewa kupata habari. Meseji ilikuwa ya benki: "Ndugu mteja, mkopo wako umechelewa. Tafadhali lipa mara moja kuepuka hatua za kisheria." Benki iliyofunga akaunti yake kwa sababu amekufa ndiyo inayomwambia alipe mara moja. Salma ndiye aliyeisoma. Kwa hiyo meseji moja nimewakata nyota nzima, na siirudishi.

Wiki ile ile nikapigiwa na kijana wa tai. Ushauri wake, kuhusu mafao ya marehemu kwenye mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: "Mzee, mafao ya mama kule PSSSF yakitoka si unayaingiza humu unapumua?" Nikamwambia mafao yale yana watoto watatu. Akasema alikuwa anashauri tu. Kuhusu zile hatua za kisheria, nilikuwa nimeshauliza Temeke: benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza nyumba, inatakiwa ikupe kwanza notisi ya maandishi ya siku 60, ikitaja umekosea nini na unatakiwa ulipe kiasi gani. Meseji siyo notisi. Nililala.

Tarehe 11 Aprili, katikati ya Ramadhani, bima wakalipa: shilingi 44,418,000. Asilimia 60 ya salio la siku ya kifo, bila pungufu. Kutoka faili kufika kwao hadi kulipa ni miezi minne, na mwezi mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa kusubiri taarifa ya daktari. Kama hapa ndipo hadithi inaishia ningetoa nyota nyingi zaidi.

Nikaenda tawini na swaumu yangu nikitegemea rejesho limeshuka. Rejesho lilikuwa 1,308,000, pale pale. Mfumo wao, hela kubwa ikiingia, haushushi rejesho. Unafupisha muda. Kijana akageuza kompyuta kunionyesha kwa furaha: "Mzee unamaliza ndani ya miaka miwili na nusu!" Mtu wa mishahara miwili anaweza kufurahia hilo. Mimi nimebaki na mmoja, ule mdogo. Nikamwambia nataka muda ubaki pale pale, Machi 2032, rejesho lishuke. Akasema inawezekana, lakini lazima mteja aombe kwa maandishi. Mteja atajuaje kuomba? Akacheka kidogo, akaacha.

Nilipoomba hesabu mpya nikaona jambo jingine. Bima ililipa salio la tarehe 31 Agosti. Benki ikaipokea tarehe 11 Aprili. Katikati hapo ni miezi saba, na muda wote huo benki iliendelea kutoza riba kwenye ile milioni 44 ambayo kwa haki ilikuwa deni la bima, siyo langu. Asilimia 17 ya 44,418,000, gawa kwa 12: shilingi 629,000 kila mwezi. Mara saba ni milioni 4 na laki 4. Zimo kwenye salio langu, pamoja na faini za Februari na Machi.

Nimetumia maisha yangu kutafuta baridi inapopotelea. Nikaandika barua, ukurasa mmoja, nikaambatisha kopi tatu: cheti cha kifo, ile karatasi yenye muhuri wa tarehe 26 Septemba, na barua ya bima inayosema walipokea faili tarehe 5 Desemba. Nikadai riba ya miezi yote saba na faini zote. Nikamalizia kwamba nisipojibiwa nitapeleka malalamiko Benki Kuu, ambako wanayo sehemu ya kupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, ila wanataka uwe umeanza kulalamika kwenye benki yako. Bima nayo ina msuluhishi wake wa migogoro, lakini bima sikuwa na ugomvi nayo.

Jibu lilikuja baada ya siku 19, kutoka makao makuu, limeandikwa na mtu anayejua kuandika. Faini zote zimefutwa. Riba, wanakubali miezi miwili ambayo faili lilichelewa tawini, shilingi 1,258,000 zitatolewa kwenye salio. Mitano iliyobaki wanasema ni muda wa kawaida wa kushughulikia madai. Sikubaliani nao. Ningekuwa na nguvu ningekwenda mbele, na mwenye nguvu aende. Mimi nilikubali kwa sababu Salma alikuwa anaingia kidato cha tano na nilihitaji rejesho lishuke mwezi ule, siyo mwaka ule. Sasa hivi nalipa shilingi 527,000 na ushee, tarehe 28, kwa makato ya moja kwa moja kutoka akaunti yangu.

Mkishakuwa wawili kwenye mkopo, au mnafikiria kuingia, nendeni mkaombe nakala ya fomu ya bima, siyo ile cheti ya ukurasa mmoja yenye nembo, fomu yenyewe mliyojaza. Angalieni nani amekatiwa, asilimia ngapi, na nini kimeandikwa kwenye maswali ya ugonjwa, kwa mwandiko wa nani. Nimekutana na mama mmoja Temeke ambaye fomu ya marehemu mume wake ilijazwa yote na afisa, mume akaweka sahihi tu. Kila jibu Hapana, kwa kalamu ya benki. Na kifo kikitokea, pelekeni cheti mapema, mkaidai bima wenyewe kwa miguu yenu, mkiambiwa leteni mirathi kwanza muulize hiyo karatasi anaidai nani.

Kwenye ardhi bado. Kwa kuwa deni halijaisha, hati imebaki kwa benki na rehani imebaki kwenye daftari la Msajili wa Hati. Ili jina langu kama msimamizi liandikwe kwenye ile nusu, benki wanatakiwa watoe barua na hati iende na irudi kwao. Barua niliiomba Juni. Wameniambia inashughulikiwa, na kijana wa tai amehamishwa tawi. Aliyekuja ni binti, ameniuliza kama nina barua ya usimamizi wa mirathi. Safari hii ninayo.

Faili la kijani nimelihamishia karakana, ndani ya friza bovu la futi saba, maana panya wa Kibada wanapenda karatasi na friza likifungwa hawaingii. Kopi ya ukurasa wa pili nimeiweka juu kabisa. Kitanda cha mama mkwe nimenunua. Alikuja Desemba, akasema godoro ni gumu.